Kiti Changu Kilikuwa Chini ya Theluji

Nianze na hela, maana ziliniuma kabla ya baridi. Siku tuliyokwenda kutazama mpira wa Kimarekani, kuegesha gari karibu na uwanja wa Highmark, pale Orchard Park nje kidogo ya Buffalo, tulilipa dola 40, tena si kwenye maegesho bali uani kwa mzee mmoja aliyesimama barabarani na kipande cha boksi kilichoandikwa bei kwa kalamu nene. Laki moja ya kwetu Tanzania kwa tope lililoganda! Shemeji alitoa bila hata kuomba punguzo. Nilitaka kumwombea mimi, akanivuta mkono: "Acha shemeji, hapa siyo Kadutu."

Kadutu ni soko la kwao Bukavu. Amemwoa dada yangu, na alifika Buffalo kama mkimbizi, kama Wakongo na Warundi wengi waliopewa makazi katika mji huo. Ukitembea West Side unaweza kununua unga huku ukihudumiwa kwa Kiswahili, kile cha kwao chenye Kifaransa ndani. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada. Mpira lilikuwa wazo la shemeji: nisiondoke Marekani bila kuona mechi ya mtoano ya NFL, ligi yao kuu ya mpira huo wa Kimarekani. Kuhusu safari ya basi kutoka New York sina la kusema, nililala.

Mechi ilipangwa Jumapili, tarehe 14 Januari 2024, saa saba mchana: Bills wa Buffalo dhidi ya Steelers wa Pittsburgh. Nami nilikwisha kata tiketi ya basi la kurudi Jumatatu asubuhi. Jumamosi, gavana wa jimbo, Kathy Hochul, akatangaza kwamba mechi imesogezwa hadi Jumatatu saa kumi na nusu jioni kwa sababu ya kimbunga cha theluji. Nikapigia kampuni ya basi. Sauti ya binti mpole ikanieleza kwamba tiketi ya bei nafuu hairudishiwi fedha wala haibadilishwi siku, na akanitakia wikiendi njema. Nikaikosa nauli hivyohivyo, kwa adabu.

Theluji ile inatoka ziwani. Upepo wa baridi kali unapita juu ya Ziwa Erie, ambalo maji yake bado yana joto kidogo kuliko hewa, unabeba unyevu, kisha unaumwaga wote kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu. Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa hili. Tunajua kwa nini Bukoba wananyeshewa kuliko sisi. Tofauti ni kwamba Buffalo mvua hiyo haitiririki ikaenda zake. Inakaa. Na Orchard Park iko kusini mwa mji, mahali ambapo ukanda huo hupenda sana kutua. Halafu uwanja ule haukuwa na paa! Ng'ambo ya barabara walikuwa wanajenga mwingine mpya kwa mabilioni ya dola, nao ulikuwa umeamuliwa ubaki wazi juu. Nilimuuliza shemeji sababu, akasema baridi ni mchezaji wao wa kumi na mbili. Wachezaji wa kwao ni kumi na mmoja kama wetu, hapo angalau tulielewana.

Jumapili kaunti ilipiga marufuku kuendesha gari, tukafungiwa ndani. Hapo ndipo shemeji aliponifundisha mtoano wao mezani, kwa kalamu na nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Ligi ina timu 32, nusu upande unaoitwa AFC na nusu NFC. Kila timu inacheza mechi 17, basi. Hawakutani wote, kwa hiyo jedwali lao halifanani na la ligi yetu. Kila upande una divisheni nne za timu nne nne. Wanaoongoza divisheni wanapewa namba ya kwanza hadi ya nne, hata kama kuna timu ya divisheni nyingine yenye rekodi nzuri kuliko wao. Kisha zinaongezwa timu tatu bora kati ya waliobaki, namba ya tano hadi ya saba. Kumi na nne kwa jumla. Kabla ya msimu wa 2020 walikuwa kumi na mbili. Namba moja peke yake ndiye anayepumzika raundi ya kwanza. Wengine: wa pili na wa saba, wa tatu na wa sita, wa nne na wa tano, nyumbani kwa mwenye namba bora.

Sasa kuna jambo ambalo mimi, niliyezoea droo za mipira kwenye bakuli, sikulitegemea. Baada ya kila raundi wanapanga upya. Namba bora aliyesalia anapewa dhaifu kuliko wote waliosalia, kila mara. Hakuna bahati ya bakuli. Ulichokivuna kuanzia Septemba kinakufuata hadi mwisho, na ni Super Bowl tu, yaani fainali, inayochezwa kwenye uwanja uliochaguliwa miaka mapema.

Uone namba ilivyo na thamani: wiki moja kabla, Bills walikwenda Miami kwa mechi ya mwisho ya msimu. Wangefungwa, wangeingia wakiwa namba saba na kurudi Miami palepale. Wakashinda 21–14, wakawa namba mbili, na Miami ndio waliokwenda Kansas City, wakachapwa 26–7 katika baridi iliyofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mechi moja, watu wa ufukweni wakapelekwa kwenye friza.

"Na hapa hakunaka rituru," shemeji akasema, yaani hakuna mechi ya marudiano. "Banakupiga leo, kesho unatazama wengine kwa televizio."

Nikamwambia afadhali. Mimi ni Yanga. Mwaka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, tulifungwa 2–1 Dar, tukaenda Algiers tukawafunga USM Alger bao moja kwao, na kombe likabaki kwao kwa sheria ya mabao ya ugenini. Kuna maumivu gani kuliko kushinda fainali ukaondoka bila kombe? Shemeji ni Mazembe, timu ambayo mwaka huohuo tuliifunga Dar tukaifunga na Lubumbashi, kwa hiyo huruma yake haikuwa nyingi. Hata hivyo alinijibu kwa ya kwake. Januari 2022, huko Kansas City, Bills waliongoza 36–33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Wenyeji wakasawazisha, wakashinda kura ya shilingi ya muda wa nyongeza, wakafunga shambulio la kwanza, mchezo ukaisha 42–36. Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo, yule anayerusha mpira na kuongoza kila kitu, hakuugusa tena. Ligi ikabadilisha sheria baada ya hapo ili katika mtoano kila timu ipate zamu. "Banabadilisha kisha sisi kufa," alisema, akaenda kuweka chai.

Jumatatu asubuhi klabu ilikuwa inatafuta watu wa kuondoa theluji uwanjani, dola 20 kwa saa pamoja na chakula. Macho yalinitoka. Saa chache tu na nauli yangu ingerudi! Dada hakuinua hata kichwa: "Una viza ya matembezi wewe. Kaa." Nikabaki kuwaza uwanja wetu wa Kirumba ukijaa maji, klabu itangaze malipo kwa saa, foleni ingeanzia Soko Kuu.

Nilidhani basi kwamba tutakuta kumefagiliwa. Ngazi zilikuwa zimefagiliwa. Mlango wa kuingilia ulikuwa umefagiliwa. Eneo la kuchezea, kijani kabisa. Safu yetu haikuwapo. Nasema haikuwapo: palikuwa na mteremko mweupe, laini, na watu wamesimama wakiushangaa tiketi mkononi. Kijana wa ulinzi alituelekeza kwa mkono, kule, hesabuni kutoka kwenye ngazi. Tukaomba beleshi. Mabeleshi yalikuwa ya vibarua, na vibarua walikuwa safu kumi chini yetu, wakichimba huku mechi ikikaribia kuanza.

Tukachimba kwa mikono. Mama mmoja wa makamo, jezi juu ya koti, alikuwa amekuja na sinia la kuokea. Alipomaliza kiti chake akanirushia bila neno. Nilifikiri nimepata kiti, nikafuta namba, kumbe ni cha mtu wa mbele. Theluji tuliyoitoa hatukuwa na pa kuiweka ila kwa jirani, na jirani alikuwa anaiweka kwetu. Hakuna aliyegomba. Nusu saa nzima nilitoka jasho kwenye baridi ile, kisha jasho likaanza kupoa mgongoni, na hilo ndilo kosa la jasho ambalo dada alikuwa hajanionya. Nililipia kiti, nikakijenga. Kwa bei ile walipaswa kunilipa wao.

Halafu Allen akarusha pasi ya kwanza ya kufunga, kwa Dawson Knox, na uwanja mzima ukachota theluji kwa viganja ukairusha juu. Nikaelewa kwa nini hawakuharakisha kuifagia. Kila alama sita, wingu jeupe likapanda, likatushukia shingoni. Nami nikarusha. Shemeji alinimwagia ya kwake kofiani makusudi, utani wa mashemeji hauna msimu.

Ilipofika 14–0, Allen aliona njia imefunguka katikati, akaukumbatia mpira na kukimbia mwenyewe yadi 52. Mtu mkubwa vile, anakimbia kwa miguu mirefu kama hana haraka, na wanaomkimbiza hawafiki. Hapo sikuhitaji bahasha ya bili ya umeme. Pittsburgh walirudi hadi 24–17 na watu wakanyamaza ghafla, kimya cha Wana-Yanga ninachokijua. Kisha Khalil Shakir akaponyoka mikononi mwa mabeki, 31–17, theluji juu.

Wengine wa AFC walikwisha maliza Jumamosi, kwa hiyo hesabu ya kupanga upya ilikuwa wazi: namba mbili kwa namba tatu. Kansas City, safari hii Buffalo.

Sikuiona. Nilikuwa Mwanza, na mechi ilianza saa nane na nusu usiku kwetu. Asubuhi nilikuta ujumbe wa sauti wa shemeji, pumzi ndefu na maneno machache: wamefungwa 27–24, Tyler Bass, mpigaji wao, amepiga mpira wa yadi 44 wa kusawazisha, umepita kulia kwa nguzo. Kulia, kama ule wa mpigaji wao wa zamani, Scott Norwood, uliowanyima Super Bowl mwaka 1991, ya kwanza kati ya nne walizopoteza mfululizo. Aliapa hatatazama iliyobaki.

Februari, Super Bowl ikachezwa Las Vegas, chini ya paa. Kansas City wakashinda 25–22. Dada anasema mumewe alitazama yote hadi muda wa nyongeza, akiwashangilia San Francisco kana kwamba amezaliwa huko.