Kumpima chipukizi wa kikapu kabla hujamwita nyota

Drafti ya NBA, siku timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapochagua chipukizi kwa zamu, ikikaribia kila Juni, simu hujaa video za dakika mbili: kijana anadanki, anabloku, kelele, wimbo juu yake. Kisha ubishi unaanza. Mbishi wa Dar lazima amtaje Mtanzania Hasheem Thabeet, na ana haki. Memphis Grizzlies walimchukua wa pili mwaka 2009. James Harden akaenda wa tatu, Stephen Curry wa saba. Thabeet akamaliza NBA na michezo 224 na wastani wa pointi 2.2.

Maelezo yanayozoeleka ni mawili: hakujituma, au hakupewa nafasi. La nafasi lina ukweli, kwa sababu Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol, na kiangazi kilekile wakamleta Zach Randolph. Lakini ukiirudia karatasi yake ya takwimu za chuoni UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), dalili zilikuwepo, na hazihusiani na juhudi.

Msimu wa 2008-09 alipata pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Bloku nne ni nyingi mno. Swali la kujiuliza ni zilipatikanaje. Kwenye ligi ya vyuo Marekani beki anaruhusiwa kupiga kambi chini ya goli muda wote. NBA hairuhusu: beki asiyemkaba mtu kwa karibu akizidisha sekunde tatu kwenye eneo la rangi, wapinzani wanapewa mtupo huru na mpira unabaki kwao. Eneo lenyewe ni pana zaidi, mita 4.88 dhidi ya 3.66 za chuo. Kwa hiyo senta, yaani mtu mrefu wa chini ya goli, wa sentimita 221 kama Thabeet, aliyekuwa akisubiri mpira umfikie sasa anatakiwa kutoka, kumfuata mtu wake hadi kwenye skrini (mpinzani anaposimama kumzuia beki njia), kugeuza nyonga na kurudi. Bloku za kusimama zinapungua zenyewe. Bloku za kufika kwa miguu ndizo zinazosafiri.

Ndiyo maana kwa senta ninaangalia miguu kabla ya mikono. Chukua mchezo mzima, si vipande vilivyochaguliwa, na uangalie mara kumi za mwanzo mtu anayemkaba anapokwenda kuweka skrini. Je, magoti yamekunjwa kabla skrini haijafika, au anakunja akishachelewa? Mwenye mpira akibadili mwelekeo, senta anateleza pembeni kwa hatua fupi au anavusha mguu juu ya mguu? Akivusha, gadi wa NBA, yule mwepesi anayeendesha mpira, atampita hapohapo. Sita kati ya kumi zikiwa mbaya, urefu hautamwokoa.

Jambo la pili ni nguvu ya chini, yaani kiuno na mapaja. Februari 2009 UConn walicheza na Pittsburgh ya DeJuan Blair, mtu wa sentimita 201 tu. Wakiwa wamenasana mikono wakigombea ribaundi, Blair alimpindua Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Mchezo mmoja si hukumu, ila huo ulionyesha nini kinatokea mtu mwenye kitovu cha uzito cha chini anapoingia chini ya mtu mrefu. NBA ina watu wa namna hiyo kila usiku, mara 82 kwa msimu, dakika 48 badala ya 40.

Usichanganye hilo na nguvu za kunyanyua vyuma. Kwenye vipimo vya kabla ya drafti ya 2007 Kevin Durant alishindwa kunyanyua kilo 84 hata mara moja. Watu walicheka sana. Yule ni mfungaji anayetupia juu ya mikono ya watu, na kifua hakikuwa kazi yake.

Sasa mitupo huru, kipimo ninachokiamini kuliko pointi. Hakuna beki, umbali haubadiliki kutoka chuo hadi NBA, kwa hiyo kinachobaki ni mkono wenyewe. Mfano mzuri ni Markelle Fultz, wa kwanza mwaka 2017. Akiwa Chuo Kikuu cha Washington alifunga mitupo ya pointi tatu 50 kati ya 121, zaidi ya asilimia 41, na wengi wakasema mtupaji amepatikana. Lakini mitupo huru yake ilikuwa chini kidogo ya asilimia 65. Karatasi mbili zikipingana hivyo, amini ya mitupo huru. Hesabu ni nyepesi: ondoa mitupo minane tu kati ya ile 50, zibaki 42 kati ya 121, na anashuka hadi asilimia 35. Minane katika msimu mzima ni upepo tu. Baadaye Fultz alikutwa na tatizo la neva begani, na hilo hakuna karatasi ingelionyesha, ila mashaka juu ya mkono yalikuwepo mapema. Philadelphia walipanda nafasi kumpata, na Boston waliobadilishana nao wakamchukua wa tatu Jayson Tatum, aliyekuwa na karibu asilimia 85 ya mitupo huru pale Chuo Kikuu cha Duke.

Jambo la mwisho ni pasi. Senta haombwi kuwa gadi, lakini idadi ya pasi za bao inaonyesha kama anaona uwanja. Thabeet, mchezaji bora wa Big East, kundi la vyuo walimocheza, pamoja na Blair mwaka ule, hakufikisha hata moja kwa mchezo. Hapa ndipo hoja ya kuchelewa kuanza inapoletwa: alishika mpira akiwa na miaka kama 15, tumsamehe. Joel Embiid naye alianza karibu na umri huo, kule Cameroon. Ndani ya msimu wake mmoja Chuo Kikuu cha Kansas, akicheza dakika 23 tu, alitoa pasi za bao 1.4 na kufunga karibu asilimia 69 ya mitupo huru, akiwa na miaka 19 na kuendelea, wakati Thabeet aliingia drafti na 22. Aliyechelewa kuanza anapimwa kwa kasi ya kujifunza: linganisha Novemba na Februari ya msimu uleule. Embiid wa Februari hakuwa yule wa Novemba.

Kuna visivyopimika. Giannis Antetokounmpo alitoka daraja la pili Ugiriki, akachukuliwa wa 15 mwaka 2013, na baada ya hapo aliendelea kurefuka. Anayesema alijua atakuwa MVP, mchezaji bora wa ligi, mwache aseme. Na wa kwanza mwaka ule, Anthony Bennett, alifika Cleveland ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega, kiangazi kizima bila mazoezi kamili, akamaliza msimu na pointi 4.2. Majeraha ya kabla ya drafti yasomwe kama sehemu ya karatasi, hasa bega la mtupaji na mguu wa mtu mrefu.

Rula hiyohiyo iweke kwa Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, wa 10 katika drafti ya 2025, mali ya Phoenix. Wapo wanaomwita Thabeet mpya kwa sababu ya sentimita 218, na huo ni uvivu. Akiwa Duke alifunga zaidi ya asilimia 70 ya mitupo ya kawaida, ambayo mingi ilikuwa danki za pasi za juu, kwa hiyo namba hiyo naipa uzito mdogo. Lakini mitupo huru yake ilizidi asilimia 75, naye alikuwa na miaka 18: mkono upo. Upande wa mashaka, pasi zake za chuoni zilikuwa chache kama za Thabeet, na kwenye nusu fainali ya vyuo dhidi ya Houston alicheza dakika 21 bila ribaundi hata moja, mbele ya watu wafupi wenye mapaja mazito.

Kwa hiyo ukimwangalia, acha danki. Mtupo wa mpinzani ukiwa hewani, macho yako yawe kwenye kiuno chake: anamgusa mtu kwanza ndipo anaruka, au anaruka mikono juu akisubiri mpira umfuate? Na akipokea mpira katikati baada ya skrini, hesabu mara ngapi anamwona mwenzake wa pembeni aliye wazi. Fanya hivyo kwa misimu miwili, siyo kwa wiki mbili za ligi ya kiangazi ya Las Vegas, ambako nusu ya wapinzani wake hawatakuwa NBA Oktoba.