Nilivyompata mtunzi wa muziki wa filamu yangu ya pili

Mtu akikwambia kwamba muziki wa filamu unangoja picha zihaririwe kwanza, mwitikie tu uendelee na shughuli zako. Kwa filamu tangulizi, ile inayosimulia yaliyotokea kabla ya filamu ambayo watu wameshaiona, mimi naona mtunzi atafutwe mapema, hata kabla ya waigizaji wote kupatikana. Yeye ndiye anayebeba kile ambacho mtazamaji anakijua na wahusika hawakijui.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa fupi, ya bunilizi ya kisayansi. Bahari imepanda, Tanga imebaki nyuma ya ukuta, na mama mmoja fundi anaishi peke yake juu ya ukuta huo akiendesha pampu. Muziki wake haukuwa na makuu: kanuni moja, ile ala ya nyuzi ya taarabu, mngurumo wa mashine, na wimbo mfupi wa noti saba unaorudi kila pampu inapozimika. Watu walisahau hata jina la mhusika mkuu lakini wimbo ule walikuwa wanaupiga mluzi. Filamu ya pili inarudi nyuma miaka 40, ukuta ndiyo unajengwa, na fundi wetu bado ni mtoto wa kibarua. Kila aliyeona ile ya kwanza anajua ukuta utasimama na mji utahamwa. Sasa zile noti saba zifanywe nini? Ukizipiga zilivyo tangu mwanzo, umeshatoa siri. Ukiziacha kabisa, watu watauliza kama hii ni filamu ya ukoo uleule.

Nilianza kwa kumpigia aliyezitunga. Siku hizi yuko Muscat, anafanya kazi studio, na alinijibu kwa ujumbe wa sauti huku nasikia mtu anajaribu maikrofoni nyuma yake: "Dada, mimi hapa hata nafasi ya kujikuna sina. Mpe mtu mwingine, ila asiniharibie." Nikamwambia hilo la mwisho tuliandike. Nyumbani tuna mazoea ya kuona kwamba ukishamlipa mtunzi, wimbo ni wako kama kiti ulichonunua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Kuubadilisha utunzi wa mtu kunataka idhini yake. Tukaandikiana: anaruhusu wimbo wake uvunjwevunjwe, jina lake linabaki kwenye orodha ya mwisho, na mgao wake unajulikana. Ndipo nikaanza kutafuta mtu.

Niliangalia wenye fedha zao wanafanyaje. Wengine wana bahati ya kuwa na mtunzi yuleyule. John Williams alipofanya muziki wa filamu ya kwanza ya tangulizi za Star Wars mwaka 1999, alimtungia Anakin, yule mtoto ambaye baadaye atakuwa mwovu Darth Vader, wimbo mtamu, wa kitoto kabisa, halafu ndani yake akaficha vipande vya wimbo wa kijeshi ambao watazamaji walikuwa wanaujua kama wa Darth Vader tangu 1980. Mtoto anacheka, muziki unajua atakuwa nani. Kwa Solo, tangulizi nyingine ya Star Wars ya mwaka 2018, waligawana: Williams alitoa wimbo wa mhusika mkuu, Han, John Powell akaandika muziki wa filamu uliobaki. Na kwa Rogue One, ya ukoo huohuo, mwaka 2016, kazi ilitoka kwa Alexandre Desplat ikaenda kwa Michael Giacchino ikiwa imebaki takriban wiki nne na nusu tu muziki wote uwe umeandikwa. Mtu kama Giacchino anaweza. Mimi nikibadilisha mtunzi dakika za mwisho, filamu imekufa.

Iliyonigusa zaidi ni Prometheus ya mwaka 2012. Muziki wa filamu mama, Alien ya 1979, ulikuwa wa Jerry Goldsmith, aliyefariki mwaka 2004. Marc Streitenfeld, mtunzi wa Prometheus, hakuthubutu kuandika juu ya kaburi la mwenzake. Aliazima wimbo wa Goldsmith sehemu ndogo tu, kwingine akatafuta njia zake. Mojawapo ilikuwa kuwaandikia wanamuziki noti kinyumenyume, akawarekodi, kisha akaigeuza rekodi ili wimbo uende mbele huku pumzi na milio ikirudi nyuma. Hiyo ilinivutia mno. Nikawaambia na niliowaita kwenye jaribio, na hapo ndipo kichekesho kilipotokea, nitakieleza.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Nilikata kipande kimoja cha picha tulichopiga mapema: vibarua wanapokezana mawe kwenye maji ya magotini, mtoto amekaa juu ya pipa anawatazama, king'ora kinalia, wanakimbia, mtoto anabaki. Dakika nne. Kila mtunzi akapewa kipande hichohicho, bila muziki wowote juu yake. Wahariri wengi huweka muziki wa kuazima ili picha isiwe kavu, na mtihani wake ni kwamba ukiusikiliza mwezi mzima unaupenda kuliko wowote utakaoandikiwa. Stanley Kubrick aliagiza muziki kwa Alex North kwa filamu yake ya angani ya mwaka 1968, North akaandika na kurekodi, halafu Kubrick akabaki na zile rekodi za zamani alizokuwa ameziweka kwa muda. North hakuambiwa; aligundua filamu ilipooneshwa. Sikutaka mtu yeyote atunge akishindana na mzimu. Na kila aliyejaribu nilimlipa. Hii ya "tutengenezee sampuli tuone" bila shilingi, waendesha filamu tuiache. Fundi seremala humwambii akutengenezee mlango uone.

Sharti la pili: wachukue zile noti saba, wazioneshe kama kitu ambacho hakijazaliwa.

Walikuja na vitu tofauti kweli. Mtayarishaji mmoja wa Bongo Fleva, studio yake iko Sinza, alileta sauti ambazo sijawahi kuzisikia: alirekodi pampu ya kisima, akaishusha mpaka ikawa kama nyangumi. Nilisisimka. Lakini alianza sekunde ya kwanza akamaliza sekunde ya mwisho, hakumpa yule mtoto hata nafasi ya kupumua. Mpiga piano mmoja wa Nairobi alileta okestra nzima ya kompyuta, ngoma kubwa, tarumbeta, kila kitu. Ilikuwa kazi safi, na ilinifanya nione kipande changu ni cha filamu ya mtu mwingine. Mwingine alileta wimbo niliousikia wiki hiyohiyo kwenye tamthilia. Huyo nilimshukuru tu.

Kichekesho ni kwamba wawili kati yao walifuata hadithi ya Streitenfeld, wakaugeuza wimbo wa noti saba kinyumenyume. Wimbo wenyewe ni do re mi fa mi re do. Ugeuze utakavyo, unabaki do re mi fa mi re do. Mmoja aliniandikia maelezo marefu namna alivyoupindua, na kweli mlio wa kanuni ulikuwa unavutwa kwa nyuma vizuri, ila wimbo ulikuwa palepale, mtu yeyote angeutambua.

Aliyeligundua hilo kwa macho tu ni mwalimu wa kwaya. Jina lake nililetewa na fundi wetu wa sauti, aliyelelewa kwenye kwaya yake huko Moshi. Ni mzee kidogo, ametunga nyimbo za kanisa maisha yake yote, kompyuta haigusi. Nilimpelekea kipande kwenye simu ya mwanawe. Hakutuma muziki, alituma picha ya karatasi ya daftari yenye mistari, imeandikwa sol-fa kwa kalamu ya bluu, herufi ndogo na nukta mbilimbili kama wanavyoandika kwaya zetu nyingi, na chini yake: "Huu wimbo ni kioo, kuugeuza hakusaidii. Tena mi yake imepotoka. Nipigie."

Nikampigia. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Huyu mpiga kanuni wenu, ile mi anaishusha makusudi?"

Ndiyo, makusudi. Wimbo uko kwenye rast, maqamu (mpangilio wa sauti) ya Kiarabu ambayo watu wa taarabu Unguja wanaijua vizuri, na sauti yake ya tatu inakaa katikati: iko chini ya mi, juu ya ma, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti. Kanuni inaweza kuipata kwa sababu pembeni mwa nyuzi zake, ambazo ni zaidi ya 70, kuna vijichuma vya kuinua na kushusha sauti kidogokidogo. Piano haina hiyo sauti. Sol-fa ya mwalimu nayo haina herufi ya kuiandika.

"Basi tusiiandike," akasema. "Sauti ya kwanza wataimba mi, sauti ya pili wataimba ma, kwa pamoja. Zitagombana. Hao vibarua wako si bado hawajui wanachojenga? Waache waitafute."

Nilikaa kimya kwenye simu mpaka akauliza kama mtandao umekatika. Katika sentensi mbili alikuwa amejibu swali ambalo mimi nilishindwa hata kuliuliza vizuri. Wimbo wa filamu ya kwanza hautasikika wote, kwa sababu noti yake moja haijapatikana bado. Wajenzi wanaimba mi wakiwa na matumaini, king'ora na watu wa kampuni wanakuja na ma, na mahali zinapokutana sikio linaumia bila mtazamaji kujua kwa nini. Aliyeiona ya kwanza ataanza kusogea kwenye kiti, anasikia kitu anachokijua kimekaa upande. Kanuni yenyewe inaingia mara moja tu, karibu na mwisho, na ile sauti ya katikati ndiyo inapigwa kwa mara ya kwanza.

Pia aliacha kimya pale mtoto anapobaki peke yake. Aliandika "pumzika" na idadi ya mapigo, basi. Wengine wote walijaza pale.

Mtayarishaji wa filamu yangu hakukubali upesi. "Kwaya kwenye bunilizi ya kisayansi? Watu watadhani ni filamu ya Pasaka." Nilimrudisha kwa Kubrick yuleyule. Miongoni mwa rekodi alizobaki nazo zilikuwa kazi za György Ligeti, na zile sauti zinazotisha watu mpaka leo lile jiwe jeusi la filamu hiyo linapotokea ni kwaya inayoimba misa ya wafu. Akasikiliza kwa spika za gari lake, tukiwa kwenye foleni ya Ubungo, akasema sawa, lakini nani atakaa kwenye kompyuta?

Hapo nilimrudia kijana wa Sinza. Nilimwambia wazi kwamba utunzi nimempa mwalimu, ila pampu yake ninaitaka, na mwalimu anahitaji mtu wa kupanga sauti na picha. Nilitegemea anune. Alichouliza ni kama jina lake litaandikwa kwenye mstari wake mwenyewe. Litaandikwa. Sasa wanafanya kazi pamoja kwa namna ambayo nisingeweza kuipanga: mwalimu anaandika kwa kalamu, kijana anahesabu fremu, 24 kwa sekunde, anamwambia "mwalimu, king'ora kinalia kwenye pigo la tatu la mstari wa tano," mwalimu anafuta anasogeza.

Mkataba uliniumiza kichwa kuliko muziki. Tuliandika nani anamiliki utunzi na nani anamiliki rekodi, maana ni vitu viwili. Tukaandika kwamba watakabidhi kila kundi la sauti kwenye faili lake, waimbaji peke yao, kanuni peke yake, mashine peke yake, kwa ubora wa 48 kHz na biti 24, ili mchanganyaji asije akashindwa kushusha kwaya pale mtu anapoongea. Na kuna kifungu kwamba nikibadilisha uhariri baada ya picha kufungwa, yaani kukubaliwa kuwa ya mwisho, marekebisho ya muziki yanalipiwa. Mtayarishaji alikipinga hicho. Nilikibakiza, kwa sababu ninajijua.

Kwaya tuliirekodi Moshi kwenye ukumbi wa kanisa, usiku, bodaboda zikishapungua. Waimbaji ni watu wa mi zilizonyooka. Kumwambia mama wa sauti ya kwanza ashikilie noti yake huku jirani yake anaimba nyingine inayoikwaruza ilikuwa kazi. Mmoja alisimama akasema kwa heshima kwamba mwalimu amekosea kuandika. Mwalimu akamwonesha picha kwenye simu, wale vibarua majini, mtoto juu ya pipa. Mama akarudi mahali pake, na safari hiyo hakuyumba.

Tumebaki na ubishi mmoja. Mimi nataka kanuni iendelee mpaka majina ya mwisho yaanze kupanda. Mwalimu anasema ipigwe ile noti, ikatike. Tumechanganya zote mbili. Nakala ya kupeleka kwenye tamasha Zanzibar ni ya kwake, kwa sharti kwamba nikikaa na watazamaji pale Ngome Kongwe nikaona wameduwaa bila kuelewa, ya sinema itakuwa yangu. Amekubali, ila ameniomba nimwandikie hilo nalo.