Mwalimu Akihama, Anaacha Nini Darasani?

Mwanangu mkubwa yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali wilayani Chamwino, kwenye kijiji kilichojitenga kidogo na barabara ya Dodoma kwenda Iringa. Tangu aingie darasa la kwanza amefundishwa hisabati na walimu wanne, na wawili kati yao waliondoka katikati ya muhula. Hali hiyo haiihusu nyumba yangu peke yake. Katika mkutano wa wazazi uliopita, suala la walimu kuhama lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko suala la chakula cha mchana shuleni, na anayezifahamu shule za vijijini za mkoa huu atajua kwamba hilo si jambo dogo.

Mama mmoja aliyekaa nyuma aliposikia mwalimu mpya wa darasa la pili akitambulishwa, alisimama akauliza kwa upole kabisa: “Mwalimu Mkuu, tunashukuru. Na huyu naye ataondoka lini?” Watu walicheka, mwalimu mgeni naye akacheka, lakini swali halikujibiwa.

Sababu za kuhama hazina siri. Mwalimu kijana anaajiriwa, anapangiwa kituo asichowahi kukisikia, anaripoti na begi lake, anapewa chumba cha kupanga kwa sababu nyumba za walimu hazitoshi, kisha anakutana na maji ya chumvi na kiangazi chetu kinachoanza mvua zinapokatika mwezi wa Aprili au Mei na kuendelea hadi karibu Desemba. Akiumwa usiku, usafiri ni pikipiki. Akifunga ndoa na mtu anayefanya kazi kwingine, anaomba kumfuata mwenza wake, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemlaumu kwa hilo. Wengine hutafuta mwenzao wa kubadilishana naye vituo, jambo ambalo kwa shule ni afadhali, kwani anapotoka mmoja huingia mwingine. Na kwa kuwa anayehama kwa maombi yake mwenyewe hujigharimia, wengi huwa wamejipanga kwa muda mrefu kabla hatujasikia lolote.

Sisi wa wilaya zinazolizunguka Jiji la Dodoma tuna sababu ya ziada ambayo naona haisemwi vya kutosha. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, watumishi wengi walikuja na familia zao, na miongoni mwa wenza wao wamo walimu. Shule za mjini zikawa kivutio kwa kila mwenye sababu ya kuishi karibu na Mtumba, uliko Mji wa Serikali wenye ofisi za wizara, au katikati ya jiji. Mwalimu aliyepangiwa kwetu huliona jiji kila mwisho wa mwezi anapokwenda kununua mahitaji yake. Tuko karibu na jiji kiasi cha kumfanya alitamani, lakini mbali kiasi kwamba hawezi kuishi huko na kuwahi kipindi cha kwanza. Nadhani mwalimu wa kijiji kilicho mbali zaidi, ambaye hana jiji la kulitazama, huenda akatulia kuliko wetu.

Baadhi ya wazazi walipendekeza mkutanoni kwamba walimu wazuiwe kuondoka kabisa. Tulikumbushwa kuwa mwajiriwa mpya anatakiwa kukaa kituoni kwa miaka mitatu kabla ya kuomba uhamisho, na mzee mmoja akataka iwe kumi. Siungani naye. Mwalimu aliyefungiwa mahali asipopataka hufika darasani mwili tu, na anayeumia ni mtoto. Tena walimu ni watumishi wa umma; uhamisho wao uko mikononi mwa halmashauri na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, si mikononi mwa kamati ya shule, hivyo tukitumia mkutano mzima kudai tusichoweza kupewa tutakosa nafasi ya kudai kile kinachowezekana.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kinachopotea siku mwalimu anapofunga mizigo yake, na hasa katika madarasa mawili ya mwanzo, ambako kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto wengi wa huku huingia shuleni wakiwa wanazungumza Kigogo nyumbani, na Kiswahili chao ni cha kusikia redioni na kwa kaka zao. Mwalimu mgeni hukutana na mtoto aliyenyamaza na hawezi kujua mara moja kama hakuelewa somo, hakuelewa lugha, au ana aibu tu. Kuyatofautisha hayo huchukua miezi. Vivyo hivyo wakati wa kuamia ndege shambani, mtama na uwele vinapoanza kukomaa, mwalimu mwenyeji anajua ni watoto gani wataadimika na ni baba yupi wa kwenda kuzungumza naye kabla wiki haijaisha. Mgeni huandika “hayupo” kwenye kitabu cha mahudhurio, naye hana kosa.

Maarifa hayo yote yamo kichwani mwa mtu mmoja, na barua ya uhamisho ikija huondoka naye. Mwalimu wa pili wa hisabati wa mwanangu alikuwa amegundua kwamba kijana anajumlisha vizuri kwa mdomo lakini anakosea kupanga tarakimu anapoandika. Alinieleza hivyo mwenyewe, na walikuwa wakifanya mazoezi ya jambo hilo. Aliyemfuata hakuambiwa kitu. Aliona alama za chini akaanza kumfundisha kujumlisha upya. Mtoto akachoka, na mimi nikalazimika kwenda shuleni kusimulia yale ambayo mwalimu mmoja angemweleza mwenzake kwa dakika tano.

Shule zina kumbukumbu za ufundishaji, hilo lazima lisemwe. Lipo azimio la kazi, lipo andalio la somo, na ipo shajara ya somo, ambamo mwalimu huandika mada aliyoifundisha, siku aliyoianza na siku aliyoimaliza. Mwalimu mpya akiifungua ataona mada ilipoishia. Hataona, hata hivyo, ni watoto gani waliachwa nyuma na mada hiyo, wala ni nani aliyefika darasa la tatu bila kuweza kusoma sentensi moja kwa ufasaha. Sera inazungumzia mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Katika shule ambayo idadi imezidi hapo, na zetu nyingi zimezidi tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, mtoto wa aina hiyo anaweza kukaa dawati la nyuma mwaka mzima bila kugundulika, mpaka upimaji wa kitaifa wa darasa la nne umfichue.

Kuhusu kuchanga ili tumlipe mwalimu wa kujitolea azibe pengo, wapo waliolipendekeza na mimi sikatai, mradi uwe mchango wa hiari kweli na mtoto wa asiyechanga asiguswe. Lakini wa kujitolea naye anasubiri ajira, na siku atakayoipata ataondoka kwa haraka kuliko wote.

Kwa hiyo, pamoja na wajumbe wawili wa kamati ya shule, tumeandika barua kwenda kwa Afisa Elimu Kata kupitia kwa Mwalimu Mkuu, tukiomba mambo ambayo hayahitaji fedha. Tunaomba uhamisho usio wa dharura usubiri muhula uishe, na kwamba mwalimu wa darasa la kwanza, la pili na la nne asiachiwe kabla mbadala wake hajaripoti, hata kama mbadala huyo atatolewa kwa muda shule jirani. Tunaomba pia karatasi ya makabidhiano ya kila mwanafunzi: anasoma kiwango gani, hisabati imemkwama wapi, lugha anayoielewa zaidi, na mzazi au mlezi wa kuonana naye.

Mwalimu Mkuu ameipokea, ila ametutahadharisha kwamba walimu wake tayari wanajaza makaratasi mengi kuliko wanavyofundisha, na hapo nina hakika hakuwa anatafuta kisingizio. Tulipunguza ombi letu papo hapo: mistari miwili kwa kila mtoto, tena kwa wale tu ambao mwalimu anaona wamebaki nyuma. Akasema hiyo inawezekana, na kwamba ataanza na mwalimu wa darasa la tatu, ambaye barua yake ya uhamisho imeshafika na anatarajiwa kuondoka shule zikifungwa mwezi wa Juni.