Usiku wa Kwenda New York

Januari 2019 nilimpeleka mama New York kumwona mjukuu. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi ilikuwa bado changa. Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018. Bila hiyo mama asingekwenda, maana kuhangaika kubadilisha ndege Dubai au Amsterdam, kwa magoti yale, haingewezekana. Ni kama kilomita 11,800, saa kumi na nne hadi kumi na tano angani. Hesabu hizo hazikumshughulisha. Alitaka kujua jambo moja tu: alfajiri itamkutia wapi?

Tuliruka karibu na saa sita usiku. Saa yake ya mkononi ilipofika kumi na moja, akanigusa bega.

"Mwanangu, alfajiri haijaingia?"

Nikachungulia dirishani. Giza totoro. Ramani kwenye skrini ilionyesha hata Atlantiki hatujaifikia.

Nikamweleza kwamba tunaelekea magharibi, kwa hiyo mchana unatufuata kwa nyuma na sisi tunaukimbia. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi: karibu 1,670 kwenye ikweta, na huko kaskazini tunakokwenda bado inapita 1,200. Tena kaskazini mwezi wa Januari usiku wenyewe ni mrefu, na upepo mkali wa angani hutoka magharibi, unatupiga usoni. Ndiyo maana kwenda huchukua muda mrefu kuliko kurudi.

"Lakini itatufikia?"

"Itatufikia, mama."

"Basi lala. Mimi nitaingoja."

Na kweli aliingoja. Saa yake ikapiga tatu asubuhi, ikapiga tano, nje bado usiku. Chakula kikapita, hakukigusa. Alikuwa ametia udhu kwa maji kidogo mno kwenye kile choo chembamba, akakaa nao, viganja juu ya mapaja, macho dirishani. Sijapata kumwona mtu akiulinda udhu namna ile.

Ilipokuwa saa saba na nusu mchana kwa saa yake, weupe mwembamba ukajitandaza nyuma ya bawa. Wahudumu, Mungu awabariki, wakatupisha kwenye uwazi karibu na jiko la ndege. Nilipoitazama ramani niliona kibla kiko nyuma yetu, kaskazini mashariki. Kwa hiyo mama aliswali akielekea mkiani, ndege ikimpeleka kinyumenyume, nami nimemshika kiwiko asiyumbe.

Tulitua jua halijachomoza. Kabla hata ya mizigo nikampigia mama mkubwa Mombasa, nikampa mama simu.

"Tumefika, dada. Ndiyo kwanza tumeswali alfajiri."

Mama mkubwa akacheka hadi nikamsikia mimi niliyesimama pembeni. Kwao ilikuwa saa nane na nusu mchana, adhuhuri ameshaiswali, na sasa alikuwa akiosha vyombo vya chakula cha mchana.