Makala yangu ya dhamana ilivyopita kwa wahakiki

Wakubwa zangu idarani walikuwa na dawa moja tu: kata sura ya tasnifu, tuma kwa majarida kumi kwa mpigo. Kutuma kwa mpigo ni kwa Marekani, ambako majarida mengi ya vitivo vya sheria huhaririwa na wanafunzi. Majarida yenye wahakiki wa kitaaluma hutaka uthibitishe kwamba makala haiko kwingine. Ukibambwa, umekwisha.

Kwenye sura yangu nilibaki na swali moja: kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji na utakatishaji fedha, kinasimamaje mbele ya ibara za 13 na 15 za Katiba (usawa mbele ya sheria na uhuru wa mtu)? Historia ya dhamana tangu ukoloni niliitupa nzima. Hakuna aliyeiulizia.

Shughuli pevu ni kesi. Ukitafuta shauri la Dickson Paulo Sanga utakutana na hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 2020 ikisema kifungu kinakiuka Katiba. Tamu kunukuu! Ila Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iliitengua, na hoja ya aliyeishia Mei imekufa. Kwa hiyo TanzLII, hazina ya mtandaoni ya hukumu za Tanzania, nilitafuta kila kesi kwa jina la mtu binafsi, si kwa namba: rufaa hupewa namba mpya, na kwenye rufaa hii Mwanasheria Mkuu ndiye ametangulia kutajwa.

Tanbihi ndizo huumbua watu. Usiandike "ibid" (yaani chanzo kilekile cha tanbihi iliyotangulia) mpaka rasimu ya mwisho. Ukihamisha aya moja tu, inaelekeza kwenye chanzo kingine kabisa. Niliacha rejea kamili kila mahali, nikafupisha mwishoni. Zile "n 14" (yaani tazama tanbihi ya 14) za OSCOLA, mtindo wa Oxford wa kurejelea vyanzo vya sheria, ziunge kwa marejeo mtambuka ya Word, sio kwa kuchapa namba kwa mkono. Kabla ya kutuma, bofya ndani ya tanbihi yoyote, Ctrl+A kuzichagua zote, kisha F9 kusasisha namba. Lazima uwe ndani ya tanbihi, maana Ctrl+A ya matini ya juu haizigusi.

Anayeandika leo ataje na toleo la sheria. Toleo la Urekebu la 2023 la sheria za Tanzania lilianza kutumika 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimehama namba.

Wahakiki niliwajibu kwa jedwali: maoni yao, nilichobadilisha, ukurasa. Nilipokataa, niliweka hukumu inayonibeba.

Gharama ni bando na karatasi, basi. Jarida lililotaka dola kabla mtu hajasoma hata ikisiri sikulijibu.