Dubai hadi Tokyo ni masaa mangapi? Usiulize tiketi

Wiki hii kwetu Umoja, hapa Nairobi, ni hesabu za ndege tu. Dada yangu anafanya kazi Dubai, sasa bosi wake anaenda naye Tokyo wiki mbili, akatutumia picha ya tiketi kwa wosapu na Mama akavaa miwani. Kutoka Dubai 02:40, kufika Tokyo 17:35. Akahesabu na vidole. "Woi, masaa kumi na tano! Huyu mtoto ataketi aje huko juu?" Halafu akaona ya kurudi, kutoka 22:30 kufika 05:00, roho ikatulia. "Kumbe kurudi ni mteremko."

Nikamwambia Mama, ni kinyume. Tiketi huandika saa za kila mji, na Tokyo iko mbele ya Dubai na masaa matano, kwa hivyo kwenda unatoa matano inabaki kama kumi hivi, kurudi unaongeza matano inafika kumi na moja na nusu. (Na hiyo 02:40 ichunge sana, kama ni ya tarehe 14 basi ni usiku wa kuamkia 14, yani tarehe 13 jioni uko njiani kwenda eapoti. Kuna jirani alifika na masanduku yake siku moja baadaye.)

Mama si mtu wa kuachilia. Kama njia ni ile ile, mbona kurudi kunachelewa?

Kilomita hazibadiliki, ni kama 7,900. Lakini umewahi kusikia mtu wa Rongai, huko nje ya Nairobi, akikuambia mjini ni kilomita ngapi? Anakuambia saa hii kuna jam, hesabu masaa mawili. Sasa huko juu, kama kilomita kumi kutoka chini, jam ni upepo, unatoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi ya ajabu na wakati wa baridi ya kule kaskazini ndio unazidi, kwa hivyo ukienda Tokyo unakusukuma mgongoni na ukirudi unapambana nao uso kwa uso. Mjapani mmoja, Wasaburo Ooishi, aliupima na maputo miaka ya 1920 akachapisha mwaka wa 1926, shida aliandika kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, na nje ya Japani karibu hakuna aliyesoma. Heri hata angeandika Kiswahili.

Na njia yenyewe nikataka aione. Mama ni fundi wa nguo, nikachukua uzi wake na mpira wa mtoto wa jirani, nikachora ramani ya Asia juu ya mpira na bolpeni vile naweza. Kwa ramani ya ukutani ukiweka rula unapita Tibet. Lakini kaza uzi kwa mpira, unapanda wenyewe kaskazini mpaka karibu na Beijing, na hiyo ndio njia fupi. Mama akakaza mara tatu akiamini namdanganya, mwishowe akasema basi dunia imeshonwa upande.

Dada alifika salama. Nilikuwa nimemwambia Mama Tokyo iko mbele yetu hapa Nairobi na masaa sita, akaitikia vizuri kabisa, halafu jana baada ya taarifa ya saa tatu usiku akampigia. Kule saa tisa usiku imeshapita. Dada akashika simu akinong'ona, "Mama, nani amekufa?"