Kopo la dawa linapolia

Nikisema kazi yangu ni kusimamia mashauri ya watoto na familia zao, watu hudhani nashinda mahakamani. Wapi! Nashinda kwenye vibaraza vya watu, ofisini kwa mtendaji wa kata, kliniki ya CTC (ya huduma na matibabu ya virusi vya UKIMWI) na kwenye foleni za vyeti vya kuzaliwa.

Mpangilio wa kazi yenyewe unaeleweka: unamtambua mwenye uhitaji, unamfanyia tathmini, mnaandika mpango pamoja, unampa rufaa, unafuatilia, mambo yakikaa sawa unafunga shauri. Huko sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na visanduku vya kuweka tiki, maana kinachomkwamisha mtu mara nyingi hakina kisanduku chake.

Kuna kijana wa sekondari (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) anayelelewa na bibi yake. Anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI tangu utotoni na alikuwa anaendelea vizuri, hadi kipimo kikaonyesha virusi vimepanda. Faili likaandikwa kwamba hazingatii dawa. Akapewa ushauri nasaha, akaitikia "sawa" kwa kila alichoambiwa, kama vijana wa rika lake wanavyoitikia wakitaka umalize uondoke.

Nilipokwenda nyumbani ndipo nikajua kwamba siku za shule kijana hulala kwingine, si kwa bibi. Shule iko mbali, kwa hiyo amepanga geto na wenzake, wanalala watatu chumba kimoja. Nikamwomba anisindikize dukani. Njiani akaniambia, "Dada, kopo linalia." Kila akigusa begi vidonge vinacheza mle ndani, na wenzake wanauliza ana nini. Akaona bora kopo libaki kwa bibi.

Hapo ushauri nasaha ungerudiwa hata mara ngapi usingesaidia. Umuhimu wa dawa anaujua kuliko mimi. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema atajaza pamba kwenye kopo lisilie, na saa ya kunywa ihamie jioni wenzake wakiwa wametoka kuchota maji. Muuguzi wa CTC akaafiki saa hiyo. Mimi nilipendekeza tumshirikishe mwalimu mlezi, kijana akakataa katakata. Basi, mwalimu hakuambiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu, na siri hii ni yake. Ndiyo maana nyumba ile siendi na fulana ya mradi. Fulana yenye utepe mwekundu kifuani inamtangaza mwenye nyumba kuliko gari la matangazo.

Bibi naye ana lake. Zahanati ilimwona ana mtoto wa jicho, ikampa rufaa ya hospitali. Kwenye daftari langu alikuwa na tiki mbili: rufaa imetolewa, mteja amefika.

"Shikamoo bibi, macho yanaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Macho si ndiyo haya haya."

Kufika alifika, kwa nauli ya bodaboda ya kukopa. Akaambiwa daktari wa macho ana siku zake. Dirishani wakataka uthibitisho wa msamaha wa malipo ya matibabu kwa wazee, ilhali hakuna aliyemwambia aende na barua. Akafungua pindo la kanga, akanitolea fomu. Sehemu ya chini, ile ya mrejesho inayojazwa na hospitali, ilikuwa tupu.

Ripoti yetu ya mwezi inauliza rufaa ngapi zimetolewa. Sasa naandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, ngapi zimerudi zimejazwa. Safu yake haipo, na msimamizi wangu hapendi ninavyochafua fomu. Namheshimu, ila naendelea kuandika. Nimempigia afisa ustawi wa hospitali kuuliza siku ya daktari, barua ya mtendaji imepatikana, na jirani yake bibi amekubali kumsindikiza Alhamisi.

La kijana nimeulizwa kama lifungwe, maana siku hizi dawa anakunywa. Nimesema hapana, tusubiri kipimo cha marudio. Pamba nimemnunulia paketi nzima.